Gunia Likifika Marikiti, Kiazi Bado Ki Hai

Wakulima wengi wadhani kwamba kazi yao yaisha pale gunia la viazi lishonwapo mdomo na kupakiwa katika lori. Dalali amelipa, lori limeondoka, na yatakayotokea njiani ni shauri la dereva na wachuuzi. Fikira hiyo ndiyo twataka kuijadili mwezi huu, maana yatuletea hasara, na hasara yenyewe si ya fedha peke yake. Yagusa pia afya ya watoto tusiowajua, walio mbali nasi zaidi ya kilomita 600.

Kiazi si jiwe. Hata baada ya kung'olewa ardhini kingali hai: chavuta pumzi, chatumia chakula kilichomo ndani yake, na seli zake zaendelea na kazi kwa majuma mengi. Na katika mambo yawezayo kuigeuza kazi hiyo, hakuna lililo karibu nasi zaidi kuliko mwanga. Mwanga ukikipata kiazi, ngozi hugeuka kijani, na wakati uo huo sumu huongezeka ndani yake. Rai yetu ni hii: kukilinda kiazi na mwanga ni kazi ya mkulima kwanza, kabla haijawa kazi ya mwenye lori au ya mchuuzi, na mkulima apelekaye viazi vya kijani sokoni hajauza chakula.

Safari ya kiazi

Skimu zetu nyingi za nyanda za juu, kama zile za Kinangop na Ol Kalou, zilianzishwa miaka ya 1960, wakati mpango wa eka milioni moja ulipowapa makazi jamaa wapatao 35,000 katika mashamba yaliyokuwa ya masetla. Baridi, mvua na udongo wa huko vyafaa sana kwa viazi, na hata leo Nyandarua ni miongoni mwa kaunti za mbele kwa zao hili. Pwani mambo ni kinyume. Usiku wa Mombasa una joto, na mmea huu hauwezi kuzaa vizuri penye joto la namna hiyo. Kwa hiyo watu wa Pwani, ambao kiazi hiki hukiita pia mbatata, hukingoja kitoke bara.

Soko lijulikanalo zaidi katika kisiwa cha Mombasa ni Marikiti. Jengo lake, katika barabara ya Digo, pembeni mwa Mji wa Kale, lilijengwa mwaka 1914, likapewa jina la Mackinnon. Wenyeji hawakujishughulisha sana na jina hilo. Kwao ni Marikiti tu. Huko huuzwa bizari, matunda, mboga na viazi, na huko ndiko akina mama wa Kuze na Kibokoni wajapo na vikapu vyao. Watu wa Mombasa hula viazi kwa namna nyingi: viazi karai, bajia, katlesi, na viazi vya mchuzi. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, ni nyumba chache ambazo hazina viazi katika vyakula vya kufuturu.

Sasa tuhesabu mahali ambapo mwanga hukikuta kiazi kabla hakijaingia katika karai. Kwanza ni shambani, ambapo udongo haukuinuliwa vya kutosha na kiazi kimechungulia nje. Pili ni siku ya kuvuna, viazi vinapoachwa juani tangu asubuhi hata jioni. Tatu ni kando ya barabara, rundo lingojapo lori siku moja au mbili. Nne ni katika lori lisilofunikwa. Tano ni sokoni, ambapo viazi hupangwa mafungu mafungu juu ya meza au juu ya gunia, jua likiwaka. Katika vituo hivyo vitano, vitatu vya kwanza vi mikononi mwa mkulima mwenyewe. Hilo lapasa kutufikirisha.

Mafundi walio ndani ya seli

Ili tufahamu kwa nini mwanga hufanya hivyo, yatupasa kwanza kuvijua vimeng'enya. Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa seli, nazo ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kila seli mna mafundi wengi mno, kila mmoja na kazi yake moja: huyu akata, yule aunga, mwingine ageuza kitu hiki kuwa kile. Mafundi hao ndio vimeng'enya. Hufanya kazi bila wao wenyewe kupungua, na pasipo wao shughuli za seli zingekwenda polepole mno hata uhai usiwezekane.

Hatuwaoni, lakini kazi yao twaijua jikoni. Mpishi wa mishkaki hupaka nyama papai bichi ili ilainike; utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, nacho ndicho kikatacho nyuzi za nyama. Kiazi kilichomenywa na kuachwa wazi hugeuka rangi ya udongo. Hiyo nayo ni kazi ya kimeng'enya kilichokutana na hewa. Maziwa yakigandishwa kwa jibini, vimeng'enya vimo. Joto la kiasi huwahimiza mafundi hawa, na moto wa kuchemsha huwaua.

Tuje kwenye mwanga. Wataalamu huuhesabu mwanga kuwa ni aina moja ya mionzi ya sumakuumeme. Mionzi hiyo ni ukoo mmoja mkubwa. Mna mawimbi ya redio na ya simu, mna joto tulisikialo tukikaa karibu na moto, mna mwanga tuuonao, mna mionzi ya jua isiyoonekana iitwayo urujuanimno, mna eksirei ya hospitali, na mwisho mna mionzi ya gama. Wote ni ndugu. Tofauti yao ni nguvu iliyomo katika kila chembe yao. Wa kwanza ni wapole, na wa mwisho ni wakali sana.

Mwanga tuuonao umekaa katikati ya ukoo huo. Hauna nguvu ya kuvunjavunja seli, lakini una nguvu ya kutosha kuamsha jambo ndani yake. Na ndani ya kiazi waamsha mambo mawili.

La kwanza ni ile rangi. Seli za kiazi zina vifuko vya wanga. Mwanga ukivifikia, vifuko hivyo huanza kugeuka kuwa vya namna ile iliyomo katika majani, na huanza kutengeneza klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea. Kiko kimeng'enya kimoja katika kazi hii ambacho chastaajabisha. Hushika mali yake ghafi gizani, kikakaa nayo tayari, lakini hakiwezi kuimaliza kazi mpaka mwanga uifikie mali ile. Mwanga kwake ni kama ufunguo kwa gari: bila huo hakuna mwendo. Vimeng'enya vinavyohitaji mwanga namna hiyo ni vichache sana duniani, na kimoja wapo kimo katika kila kiazi unachokitia guniani.

La pili ndilo zito. Seli zikisha kuuona mwanga, huamuru vimeng'enya vingine viongezwe, na hivyo kazi yake ni kutengeneza vitu viwili vichungu viitwavyo solanini na chakonini. Mmea wa viazi hutumia vitu hivyo kama silaha, ili wadudu na wanyama wasiule. Kwa asili yake hili si jambo baya. Kiazi kilichochungulia nje ya udongo chajiandaa kuchipua na kujilinda. Ubaya ni kwamba silaha hiyo haichagui kati ya mdudu na mtoto wa shule.

Sumu yenyewe ni kiasi gani

Tuseme wazi, watu wasije wakaogopa bure: rangi ya kijani si sumu. Ni ile ile iliyomo katika sukuma wiki na mchicha. Rangi ni alama tu kwamba kiazi kimekaa mwangani, na kwamba huenda sumu imezidi. Lakini mambo haya mawili hayaendi kwa kipimo kimoja. Kiazi chaweza kuwa kijani kidogo na kichungu sana, na kiazi chenye ngozi nyekundu chaweza kuficha kijani chake. Kiazi kilichochubuliwa na jembe au kilichotupwatupwa nacho huongeza sumu hiyo hata kama hakikuona mwanga mwingi.

Kila kiazi kina solanini na chakonini kidogo, wala hilo halina madhara. Kiazi kizuri kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 100 katika kilo moja, na wataalamu wengi wamekubali kwamba chakula kisizidi miligramu 200 kwa kilo. Mtu aweza kuanza kuugua akila miligramu 2 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa kilo 15 huenda akaugua kwa miligramu 30. Ikiwa kiazi kimekaa mwangani hata kikafikia miligramu 300 kwa kilo, basi gramu 100 tu zamtosha, nazo ni kiazi kimoja cha kiasi. Mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kula karibu nusu kilo ya kiazi hicho hicho. Kwa hiyo baba aweza kula akasema hakuna neno, na mwanawe aliyekula sahani moja naye akatapika usiku kucha.

Dalili zake ni uchungu mdomoni, koo kuwaka, tumbo kuuma, kutapika na kuhara, na mara nyingine kichwa kuuma na kizunguzungu. Dalili hizo zafanana na za chakula kilichochacha, ndiyo sababu watu wengi hawakidhanii kiazi. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wavulana 78 wa shule moja huko London waliougua baada ya kula viazi vya mchana, na 17 kati yao walilazwa hospitali. Wote walipona. Uchunguzi ulielekea kwenye viazi vilivyokaa ghalani tangu muhula uliotangulia.

Wako wasemao, "Moto huua kila kitu." Moto huua vimeng'enya, hilo ni kweli, lakini fundi akifa, nyumba aliyoijenga hubaki. Sumu ikisha kutengenezwa, maji ya kuchemka hayaiondoi, na mafuta ya karai huondoa kidogo tu. Wala kukirudisha kiazi gizani hakuifuti. Rangi yaweza kufifia polepole, sumu ikabaki palepale. Lenye kufaa ni kumenya kwa unene, maana sehemu kubwa ya sumu imo katika ganda, chini yake kidogo, na katika macho ya kiazi. Kiazi kilicho kijani sana, au kilicho kichungu baada ya kupikwa, kitupwe.

Na je, minara ya simu?

Siku hizi mkulima akisikia neno "mionzi" hufikiri mara moja juu ya mnara wa simu uliojengwa kilimani. Swali hili lastahili jibu la haki. Mawimbi ya simu ni wapole katika ule ukoo tuliousema. Chembe zao hazina nguvu ya kuvunja viungo vya seli, na jambo linalojulikana kwa hakika ni kwamba yakiwa makali sana huleta joto, kama tanuri za umeme zipashazo chakula. Ndiyo maana imewekwa mipaka ya nguvu zake. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi hayo katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa mchache, na uchunguzi uendelee.

Upande wa pili wa ukoo ni wale wakali. Urujuanimno wa jua huharibu maandishi ya urithi yaliyomo katika seli. Mimea ina kimeng'enya cha kuyatengeneza tena, nacho chatumia mwanga wa buluu kama chombo cha kazi. Aziz Sancar, mtaalamu aliyezaliwa Uturuki, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 pamoja na wenzake wawili kwa kuchunguza namna seli zijitengenezavyo. Mionzi ya gama ina nguvu kupita hiyo. Huko Shihoro, nchini Japani, tangu miaka ya 1970 na kwa miaka mingi, viazi vilipitishwa mbele ya mionzi ya gama ili visichipue ghalani. Kipimo kidogo chatosha kuziharibu seli za machoni zisiweze kugawanyika, na kiazi chenyewe hakibaki na mionzi ndani yake.

Twayaeleza haya kwa sababu moja. Si vema mtu auogope mnara ulio mbali, ambao madhara yake hayajathibitishwa, na huku viazi vyake vimelala uani vikipigwa na mionzi ambayo kazi yake katika seli yajulikana wazi. Mwanga wa mchana haulipishwi, haupigi kelele, wala hauna harufu, kwa hiyo hakuna auhesabuye kuwa ni kitu.

Majibu kwa wenye kunung'unika

Mkulima atasema: "Dalali hanilipi zaidi kwa viazi safi. Gunia ni gunia. Kwa nini nijisumbue kuchagua na kufunika?" Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatulipuuzi. Bei ikiwa ni ya gunia, wala si ya kilo wala ya ubora, mwenye kujitahidi na mzembe hupata sawa. Ndiyo maana twasema kwamba jambo hili halitatengenezwa na mkulima mmoja mmoja. Latakiwa litengenezwe na chama cha ushirika, kikusanye viazi penye kivuli, kivichague, kivipime, na kiweke alama yake juu ya gunia. Mnunuzi wa Marikiti akisha kuijua alama hiyo, ataiuliza. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Kanuni hizo ziliwekwa kumlinda mkulima na lile gunia lililoongezwa kilemba cha kamba, ambalo wengi huliita mukorino. Watu hulichukia gunia hilo kwa kuwa laiba kilo. Sisi twaongeza sababu nyingine: viazi vilivyo katika kilemba vimefunikwa na nyuzi tu, na mwanga wapita katika nyuzi hizo safari nzima. Gunia la kilo 50 lifungwalo mdomo kabisa ni haki ya mkulima na pia ni giza la kiazi.

Mwingine atasema: "Mnunuzi ana macho, asiyetaka kijani asinunue." Hili si neno la haki. Viazi hufika mjini usiku na kuuzwa alfajiri. Vya kijani huwekwa chini ya fungu, na vizuri juu. Tena anayenunua viazi vya kijani kwa bei ya chini si tajiri. Ni mama mwenye senti chache na watoto wengi, au muuza bajia atakayewauzia watoto wa shule. Tukisema macho yake yamlinde, twasema kwamba umaskini wake ndio umdhuru.

Wa tatu atasema: "Lawama ni ya sokoni, maana huko ndiko viazi huanikwa juani." Kweli, wachuuzi wana sehemu yao. Mombasa ina joto, na penye joto la kiasi vimeng'enya hufanya kazi upesi kuliko penye baridi. Siku chache za meza ya wazi huko hudhuru kuliko siku hizo hizo katika baridi ya Kinangop. Yafaa wachuuzi wafunike akiba yao kwa magunia, watoe kidogo kidogo kadiri wauzavyo, na watawala wa masoko wahakikishe kuna kivuli cha kutosha. Lakini huwezi kumlaumu mwenzio kwa kituo cha tano ikiwa vituo vitatu vya kwanza hukuviangalia.

Yatupasayo kufanya

Mambo yenyewe si magumu, wala hayahitaji mashine.

Kwanza, inua udongo vizuri. Palilia na kuinua matuta mapema, kisha rudia mara ya pili kabla majani hayajafunga mistari, ili kiazi kisionekane nje hata mvua ikiosha tuta.

Pili, kata majani yapata majuma mawili kabla ya kuvuna. Ngozi itakomaa, na kiazi hakitachubuka kwa urahisi.

Tatu, vuna kiasi unachoweza kukiondoa shambani siku ile ile. Viazi vikisha kukauka udongo, vipeleke kivulini mara moja. Saa moja au mbili zatosha kukausha. Kutwa nzima ni kuviharibu.

Nne, chagua kabla ya kutia guniani. Vilivyo kijani, vilivyokatwa na jembe na vilivyooza viwekwe mbali. Usivipe ng'ombe wala mbuzi vile vya kijani, maana sumu hii huwadhuru na wao. Ikiwa si vya mbegu, vifukie katika shimo refu visije vikaota.

Tano, rundo lingojalo lori lifunikwe kwa turubai zito au majani makavu mengi, na lisiwekwe juu ya karatasi nyeupe ya nailoni ipitishayo mwanga. Mwambie mwenye lori afunike, na usipakie mpaka umeona turubai.

Sita, ghala la viazi vya chakula liwe na giza, hewa na ubaridi. Dirisha la kupitisha hewa liwekewe mbao zilizoinama ili mwanga usiingie moja kwa moja. Hata taa ya umeme iwakayo siku nyingi mfululizo huleta kijani. Wenye kulima aina ya Shangi wasiweke muda mrefu, kwa kuwa aina hiyo huchipua upesi.

Mbegu ni jambo jingine

Hapa lazima tuseme neno moja ili mtu asichanganyikiwe. Kile kinachoharibu chakula hufaa kwa mbegu. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha viazi, ambacho makao yake ni Peru, wamefundisha wakulima wa nchi nyingi kuweka mbegu katika rafu zenye mwanga hafifu, pasipo jua la moja kwa moja. Katika mwanga huo machipukizi huwa mafupi, manene na yenye nguvu, badala ya yale marefu meupe ya gizani yakatikayo ovyo. Mbegu hugeuka kijani, na ile silaha yake huzidi. Hakuna ubaya, maana haiendi jikoni.

Kwa hiyo mkulima mwenye akili huwa na ghala mbili, moja ya giza na moja ya mwanga hafifu, wala hachanganyi. Kuokota vya kijani vilivyokataliwa na kuvifanya mbegu hivi hivi ni hatari nyingine, kwani vyaweza kuwa na ugonjwa wa mnyauko au virusi. Mbegu ichaguliwe katika mashina mazima yaliyotiwa alama kabla ya kuvuna, au inunuliwe penye mbegu iliyothibitishwa. Kituo cha utafiti cha Tigoni na maafisa wa kilimo walio karibu nanyi wataweza kuwashauri. Na mbegu iliyobaki baada ya kupanda isirudishwe kamwe katika gunia la kuuza.

Haya basi, wakulima. Mashamba haya yalipatikana kwa taabu, na jina la viazi vya skimu zetu lajulikana hata Pwani. Jina hilo laweza kukua au laweza kuharibika, na ligeuzalo si mbolea peke yake. Mama wa Mji wa Kale anunuaye fungu la mbatata pale Marikiti hajui jina lako wala namba ya shamba lako. Ajua tu kwamba kiazi kilikuwa kitamu, au kwamba kilikuwa kichungu na mtoto akaugua. Gunia lijalo, kabla hujalishona mdomo, tazama kilichomo. Kisha lifunge, na ulifunike.